Kware Asiye na Vidole

Siku moja kabla ya sherehe yetu, mchumba wangu alifika kwangu mtaa wa West Indies, akaisachi suti yangu ikiwa bado inaning'inia mlangoni. Alitoa kisu kimoja mfuko wa ndani, kingine mfuko wa suruali, na cha tatu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau. Kusema kweli nilifurahi kukiona tena. Akavipanga mezani, akaniangalia.

“Kesho hakuna stori za visu,” akasema. “Hata moja. Ukiulizwa kuhusu mvua, jibu mvua. Ukiulizwa kuhusu mahindi, jibu mahindi. Ukiona kisu, angalia juu.”

“Na nikiulizwa kuhusu kisu?”

“Nani atakuuliza kuhusu kisu?”

Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu kisu. Wote nimewaambia bila kuulizwa.

Lazima nieleze ugonjwa wenyewe. Mimi ni karani katika ghala la nafaka hapa Eldoret, na kazi yangu ni magunia: kukata uzi, kuchungulia mahindi, kusema mabichi au makavu, kushona tena. Kila mtu ghalani ana kisu cha kukunja, na karibu wote wana kile tunachokiita kisu cha kware, kwa sababu ya ndege mdogo aliyechongwa kwenye ubapa karibu na mpini. Wenzangu husema kisu ni kisu. Nikisikia maneno hayo damu hunichemka. Kuna kware wa kwanza, kuna kware wa pili na kuna kware wa tatu, na mtu asiyeweza kuwatofautisha sijui huamka asubuhi kufanya nini.

Kware wa kwanza ana mpini wa pembe ulioshikwa na misumari mitatu midogo ya shaba, na kile kijifuo cha kuingiza ukucha unapokikunjua kimepinda kama mwezi mchanga. Ndege mwenyewe alichorwa na mtu aliyewahi kumwona kware: ana jicho, ana madoadoa kifuani, na miguuni ana vidole. Kwa kware wa pili mpini bado ni pembe, lakini msumari wa katikati umetoweka, nadhani kuna bwana kiwandani aliyeona shaba inaisha bure. Kijifuo kimenyooka, na vidole vimepungua, hivi kwamba ndege anasimama kwa shida. Kware wa tatu ni msiba. Mpini ni mti uliopakwa rangi ili udanganye kuwa pembe, na ndege amesimamishwa kwenye nyasi ndefu ili mchoraji asihangaike na miguu. Huyo nilikutana naye mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, kisu chake kilipotoka tu kiwandani, baba alipoleta kipya nyumbani. Nilimuuliza vidole vya ndege vimeenda wapi. Akaniambia niende nikaoge.

Tangu hapo natafuta. Natafuta kwa wauza vyuma kuukuu wanaotandika magunia kando ya barabara, natafuta kwa mafundi viatu. Wakati mmoja nilimsimamisha mzee aliyekuwa akimenya chungwa karibu na soko, nikamwomba kwa heshima zote anionyeshe kisu chake. Alinipa chungwa lote akaondoka haraka. Mchumba wangu alikuwa nami siku hiyo, na nadhani ndipo alipoanza kuogopa sherehe.

Alikuwa na sababu. Mimi watu wangu ni wa mkoa wa Magharibi; wake walitoka mkoa wa Kati zamani, wakaja wakatulia Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, ambako wana shamba na duka. Kwao mahari inaweza kuzungumzwa ikaisha, kanisa likatangaza, picha zikapigwa na kusambazwa kwenye simu za watu wote, na bado hujaoa. Unaoa siku unapokata kiande, yaani bega la mbuzi wa kuchoma, mbele ya wazee wa pande zote mbili, ukampa bibi harusi kipande cha kwanza. Mpaka hapo wewe ni mgeni tu. Nilimpenda yule msichana, na nilitaka kuacha kuwa mgeni siku hiyo hiyo, kabla hajapata nafasi ya kufikiria vizuri.

Tulifika Yamumbi tukiimba, tukafungiwa lango kama desturi, tukaimba zaidi, tukafunguliwa. Kulikuwa na tenti, viti vya plastiki, na ile baridi ya Eldoret inayomkuta mtu akiwa na suti na kumfanya atamani blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa moja, kwenye magoti ya nyanya yake mchumba wangu, ambaye kila mtu pale alimwita Shosho. Alikuwa ameketishwa kwenye kochi lililotolewa sebuleni, macho ameyafumba, na wageni walipunguza sauti kila walipopita karibu naye.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Niliulizwa kuhusu mvua, nikajibu mvua. Niliulizwa kuhusu mahindi, nikajibu mahindi kwa ufundi hata mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mchumba wangu, aliyeketi na kina mama upande wa pili akiwa na leso mabegani, alinitazama kwa macho ya mtu anayeanza kupumua. Kisha bega likaletwa kwenye sinia, likitoa moshi, na baba mkwe akasimama.

“Katika boma hii,” akasema, “kiande haikatwi na kisu ya duka. Inakatwa na kisu ya marehemu baba yangu. Alifanya kazi kwa shamba ya mzungu huko upande wa Plateau kabla ya uhuru, na huyo mzungu akamzawadi kisu. Hakuruhusu mtu aishike. Alipumzika kabla huyu msichana azaliwe, na kisu akaniachia mimi.”

Akakitoa mfukoni, akakiweka kwenye sinia kando ya bega. Nikaangalia juu.

Mdogo wake, ambaye mchumba wangu humwita baba mdogo, akakohoa. “Akaniachia mimi,” akasema, na yeye akatoa kisu chake, akakiweka upande wa pili wa bega.

Baadaye niliambiwa kwamba kila harusi ya ukoo ule hukwama hapo. Kila mmoja wa ndugu hao wawili alikuwa akitembea na kisu cha marehemu, na kila mmoja aliamini mwenzake ameokota chake sokoni. Kwa kawaida wazee huamua bwana harusi akate nusu kwa hiki na nusu kwa kile, na bega hutoka kama limepitiwa na mbwa. Ndivyo ingekuwa hata kwangu, nami leo ningekuwa sina la kusimulia, kama mjomba wangu hangesimama.

Mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Ni mwalimu mstaafu, na mbele ya watu hana breki.

“Wazee wetu,” akasema, akinyoosha koti, “msihangaike. Hamjui mmepata mkwe wa namna gani. Huyu kijana ni daktari wa visu! Mpe kisu, atakwambia kilizaliwa lini. Nyumbani kwake kuna kopo la biskuti halina biskuti.”

Niliona leso ya mchumba wangu ikipanda kutoka mabegani mpaka kwenye nywele.

“Kumbe!” akasema baba mkwe, na uso wake ukang'aa. “Basi Mungu ametuletea mtu. Kijana, tuamulie. Gani ni ya baba?”

“Ndiyo, atuamulie,” akasema baba mdogo, naye uso wake ukang'aa vile vile.

Sinia ikasogezwa mbele yangu. Niliangalia juu mpaka shingo ikauma, lakini kuna mwisho wa kuangalia tenti. Nikateremsha macho. Nikachukua kisu cha kwanza, nikakigeuza, nikakikunjua. Nikachukua cha pili.

Msumari wa katikati: hakuna. Kijifuo: kimenyooka. Mpini: mti, umesuguliwa na kupakwa mafuta mpaka ukawa mweusi, lakini mti. Na ndege, masikini, kwenye nyasi mpaka tumboni. Vyote viwili. Walikuwa pacha hao, kware wa tatu, waliozaliwa miaka mingi baada ya mwenye boma kulala kaburini.

Mjomba akaniinamia sikioni. “Chagua cha baba mkwe,” akanong'ona, “tule.” Lakini baba mdogo ndiye aliyekuwa amesimamia mazungumzo yetu yote ya mahari kwa upole, na bila baraka zake wazee wa upande ule wasingenyanyua hata glasi. Nikichagua kimoja, namkosea mmoja. Nikisema ukweli, nawakosea wote. Nyama nayo ilikuwa inapoa, na mafuta yalianza kuganda pembeni mwa sinia, meupe.

Nilikusudia kusema kwamba vyote viwili ni visu vizuri vya watu wazuri. Naapa nilikusudia. Nikafungua kinywa.

“Mzee,” nikasema, “huyu ndege hana vidole.”

“Ndege gani?”

“Kware. Wote wawili. Wako kwenye nyasi.”

Baba mdogo akachukua kisu chake, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. “Sasa kware anakaa wapi kama si kwa nyasi?”

Wazee wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akaongeza kwamba yeye ameona kware tangu utotoni na hajawahi kuona vidole vyao. Hapo hasira zikanipanda, na nikiwa na hasira sijui kunyamaza. Nikawaeleza. Nikawaeleza misumari, nikawaeleza kijifuo, nikakwaruza mpini kidogo kwa ukucha kuwaonyesha mti chini ya rangi. Nikawaeleza kware wa kwanza na jicho lake na madoadoa yake. Nilisimama, nadhani, maana nakumbuka nikiwatazama kutoka juu. Nikamalizia kwa sauti ya hakimu: “Kisu hiki kilitoka nikiwa shule ya msingi. Marehemu alikuwa ameshazikwa.”

Mjomba alifumba macho, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anaomba. Mchumba wangu alikuwa amejifunika leso uso mzima.

Baba mkwe hakupaza sauti. Laiti angepaza. “Kijana,” akasema, “umekuja hapa kuoa msichana wangu, ama umekuja kuniambia baba yangu hakuniachia kitu?”

Mzee wa miaka yake, amesimama mbele ya watu wake na kisu kidogo mkononi. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia. Nilitamani kumeza kila neno pamoja na ndege wake. Nilifikiria kusema nimekosea, miwani ina ukungu, lakini kila mtu aliona sina miwani. Baba mdogo alikuwa amekaa, anakikunja na kukikunjua kisu chake. Nikajua nimeharibu, na kwamba nitarudi West Indies jioni hiyo na mjomba, na bega halijakatwa.

Ndipo kochi likaanza kucheka.

Kwanza lilitikisika blanketi, kisha ikatoka sauti, kisha Shosho akafungua macho, naye alikuwa analia kwa kucheka. Kina mama wawili walikimbilia kumshika wakidhani amepatwa na kitu.

“Wachana na huyo kijana,” akasema. “Hajakosea. Hizo visu nilinunua mimi.”

“Mama?” wakasema ndugu wote wawili.

“Mbili. Duka moja, siku moja. Si mnakumbuka ile siku ya kugawa shamba? Wewe ulikuja kwa jikoni na mlango ya mbele, ukasema, Mama, kisu ya Baba ni yangu, mimi ndio mkubwa. Hujatoka, huyu akaingia na mlango ya nyuma. Mama, kisu ya Baba ni yangu, mimi ndio nilikuwa namfuata shambani. Nikasema, hawa watauana juu ya kisu. Nikaenda town. Nikazisugua na mawe, nikazipaka mafuta na masizi. Kila mtu nikampa yake, nikamwambia, usiambie ndugu yako.” Akajifuta macho kwa ncha ya blanketi. “Nilidhani mtanyamaza. Nikasahau nimezaa wanaume.”

Kina mama walilipuka. Hata wazee wengine walicheka wakajifanya wanakohoa. Baba mkwe alibaki amesimama.

“Na ya Baba?” akauliza. “Ya Baba iko wapi?”

Shosho aliacha kucheka. Aliingiza mkono ndani ya sweta, akavuta kamba iliyokuwa imefungwa kiunoni, na mwisho wa kamba kulikuwa na kisu.

“Nyinyi mlikuja wawili kusema ni yenu,” akasema. “Mimi nilikuwa bibi yake. Nani aliniuliza kama naitaka?”

Baba mkwe aliangalia chini kwenye nyasi, na mdogo wake vile vile, na katika kuangalia chini kwao walifanana sana.

Shosho aliifungua ile kamba taratibu, akaninyooshea kisu. “Wewe wa vidole. Kata, nyama imeganda.”

Nilikipokea kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa pembe. Misumari ya shaba ilikuwa mitatu, imelika ikawa sawa na pembe yenyewe. Ubapa ulikuwa umenolewa mpaka ukabaki mwembamba, lakini karibu na mpini, pale ambapo jiwe halifiki, alisimama kware mwenye jicho, mwenye madoadoa, na miguu yote miwili ilikuwa na vidole. Miaka yote ya kutafuta nilikuwa sijapata kushika kware wa kwanza aliye mzima hivyo. Nilikuwa na mengi ya kusema. Niliinua kichwa, nikakutana na macho ya mchumba wangu juu ya ukingo wa leso, nikakata.

Kilipita kwenye lile bega bila kusukumwa. Kipande cha kwanza nikampelekea bibi harusi, kikiwa na mafuta meupe yaliyoganda pande zote, na akakila chote mbele ya watu, akitafuna polepole.

“Vidole,” akaniambia kwa sauti ya chini alipomeza. “Vidole, kweli?” Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikajua hanichukii.

Nilipomaliza kukata, ndugu wawili walinyoosha mikono kukipokea kisu, wote kwa pamoja, kwa mazoea tu. Wakatazamana, wakairudisha mikono. Nikakifuta, nikakikunja, nikampa Shosho. Alikifunga tena kiunoni bila kuharakisha. Baba mkwe alikohoa, akainua glasi ya uji, akasema bega limekatwa. Baba mdogo akasema limekatwa vizuri. Wazee wakaitikia, na mjomba akafungua macho.

Mvua iliyokuwa ikingoja mchana kutwa ikashuka mara moja, kubwa, na hakuna gari lililoweza kutoka kwenye ule udongo. Wageni wote tulikwama, ikabidi chakula kipikwe upya. Mama mmoja alileta beseni la viazi, akaliweka miguuni pa Shosho chini ya tenti, naye akakunjua kisu chake, akaanza kumenya. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika. Baba mkwe alikuja akasimama karibu, akaangalia kwa muda mrefu.

“Mama,” akasema mwishowe, “hiyo kisu ulikuwa umeificha wapi miaka hii yote?”

“Sikuificha.” Shosho hakuinua macho. “Hizo viazi zote mmekula kwangu, mlidhani namenya na meno?”

Baba mkwe alivua koti la suti, akavuta kigoda, akaketi kulia kwake. Baba mdogo akaja akaketi kushoto. Wakatoa visu vyao vya mti uliopakwa rangi, wakachukua kila mmoja kiazi chake, wakaanza, na ilikuwa wazi hawajawahi. Shosho aliokota ganda moja la mwanawe mkubwa, akaliinua tulione sote, akasema ganda hilo peke yake lingemtosha mtu chakula cha mchana.

Kisha akanigeukia mimi.

“Na wewe, unangoja kukaribishwa na nani?”

Nikakimbilia jikoni kutafuta kisu chochote.